Panda za miti, roboti na mafundi wa majahazi

Kuna ghala moja kusini mwa Uingereza, kaunti ya Dorset, ndani ya msitu unaitwa Hooke Park. Kazi yake ni kutunza chipsi za kuni, yaani miti iliyosagwasagwa ya kuchoma kwenye boila ili ipashe joto majengo ya pale. Ndio hivyo tu, ghala la kuni. Na kwangu mimi hiyo ndio projekti bora kabisa ya wanafunzi wa masta wa usanifu majengo niliyowahi kuisoma, na nimesoma nyingi sana, na kila nikiangalia picha zake akili inanipeleka kwa mafundi wa majahazi wa Matondoni kule Lamu na Nungwi kule Unguja. Nitaeleza kwanini, nivumilieni maana itabidi nianzie kwenye mti wenyewe.

Msitu ule ni wa shule ya usanifu ya London inayoitwa Architectural Association, wanao tangu 2002, kama hekta 150 hivi. Kabla yao palikuwa na shule ya ufundi wa mbao, na miaka ya 80 Frei Otto, yule Mjerumani wa mapaa mepesi, alishiriki kujenga pale kwa kutumia vijiti vyembamba vya miti ambavyo watu wa mbao huwa hawavitaki. Kwahiyo wazo la kujenga na mti uliokataliwa lilikuwepo pale muda mrefu. Sasa wanafunzi wa masta kwenye programu yao ya Design and Make wanakaa humohumo msituni, wanachora, halafu wanajenga wenyewe, saizi kamili, jengo la kutumika. Sio modeli ya kadibodi ya kuwekwa mezani siku ya jopo la kukagua kazi halafu baadaye inatupwa.

Ghala lilijengwa 2015 kuingia 2016. Wanafunzi walianza na panda za miti, pale shina linapogawanyika mara mbili. Ukipasua panda utaona nyuzi zake haziendi zimenyooka, zinapishana na kusukana, kwa sababu mti umekaa miaka unabeba tawi zito, upepo unalivuta kila siku, basi kila mwaka unajiongezea nguvu palepale panapoelemewa. Ni kiungo kilichojitengeneza chenyewe. Lakini ukienda kiwanda cha mbao panda ni uchafu, inakatwa inakuwa kuni, wanachotaka wao ni gogo lililonyooka litoe mbili kwa nne na mbili kwa sita. Halafu seremala anakuja kununua hizohizo mbao zilizonyooka, anazikata pembe, anapigilia bamba za chuma na misumari ili apate umbo la Y ambalo mti ulishalitoa bure!! Mimi hili jambo linaniuma kwa kweli, mpaka leo.

Walichofanya wale vijana ni kuingia msituni wakapiga picha panda zaidi ya 200 miti ikiwa bado imesimama, wakachagua 25, wakazikata na kuzipiga skani ya 3D moja moja. Skani ile inakupa umbo halisi la kila gogo, unene wake, linapinda wapi, mstari wa katikati unapita wapi. Wakachora tao la kenchi wanayoitaka, halafu wakaandika programu ikawa inachukua panda hii inaiweka hapa, inaigeuza, inaijaribu kule, inabadilisha na nyingine, mpaka ipate mpangilio ambao magogo yamekaa karibu kabisa na lile tao bila kulazimishwa. Panda 20 ndizo zilizoingia kwenye kenchi ya mwisho, ambayo inafunika kama mita 25. Baada ya hapo mkono wa roboti wa KUKA, aina ileile inayotumika viwanda vya magari, ukachonga viungo tu, zile ncha ambapo gogo linakutana na gogo. Mwili wa gogo umebaki na mikunjo yake ulivyoota.

Na hapa kuna jambo la kiufundi ambalo ningependa kila mwanafunzi wa usanifu alikamate vizuri. Kenchi za kawaida mtaani zimejaa pembetatu, kwa sababu viungo vyetu vya mbao ni dhaifu kwenye kupinda, pembetatu ndio inakuokoa. Ile ya Hooke Park haifuati huo mtindo, iko karibu na aina inayoitwa Vierendeel, jina la injinia wa Ubelgiji, ambayo inaacha pembetatu na kutegemea viungo vigumu visivyopinda. Kwa mbao hiyo ni ngumu sana kuipata, ila pale kiungo kigumu ni panda yenyewe! Nguvu ya muundo imetoka kwa mti, programu imepanga tu na roboti imekata tu.

Sasa turudi pwani. Nenda Matondoni kule Lamu, nenda Nungwi, nenda Bagamoyo ufukweni, mtafute fundi anayejenga jahazi au mashua umuangalie anavyochagua mataruma, zile mbavu za ndani. Hatafuti mti ulionyooka aukunje. Anazunguka anatafuta tawi lililokwishajikunja lenyewe, mkoko au mwembe au chochote chenye mkunjo anaoutaka, ili nyuzi za mti zifuate umbo la chombo kuanzia juu mpaka chini. Akikata taruma lenye mkunjo kutoka kwenye ubao ulionyooka nyuzi zitakatika katikati, na siku mawimbi yakipiga litapasuka palepale. Kwahiyo anapima kwa jicho, anaweka pale, anatoa, anachonga kidogo na tezo, anarudisha tena, mpaka likae. Hana karatasi ya mchoro. Ile kazi ya kuchagua na kugeuza na kujaribu ndio hiyohiyo programu ya Hooke Park inafanya, tofauti ni kwamba fundi ana stoo ya matawi kichwani, anajua mwembe upi nyuma ya msikiti upi una tawi litakalomfaa mwakani.

Mabaharia na mafundi wa meli duniani kote wamefanya hivi karne nyingi, Ulaya nako walifanya, sio siri yetu peke yetu. Ila kwao mafundi wa namna hiyo wamebaki wachache sana na kwetu bado wapo, wako kazini asubuhi ya leo, na hilo ndilo linalonifanya niandike haya yote.

Mfano mwingine uko Ujerumani, Chuo Kikuu cha Stuttgart. Pale kuna taasisi mbili, ICD ya Achim Menges inayoshughulika na usanifu wa kompyuta na ITKE ya Jan Knippers inayoshughulika na miundo ya majengo, na tangu 2010 wamekuwa wakijenga mabanda ya utafiti pamoja na wanafunzi. Mengi ni maarufu, kuna la 2012 la nyuzi za kaboni na kioo, ganda lake lina unene wa milimita 4 tu na banda zima halifiki kilo 320. Lakini mimi naenda moja kwa moja kwenye lile la 2015 na 2016. Vipande 151 vya plaiwudi nyembamba ya milimita 3 mpaka 6, vimekunjwa halafu VIMESHONWA. Kwa uzi. Roboti inashika kipande, inakipitisha kwenye cherehani ya kiwandani, tabaka za mbao zinabanwa zisibanduke, halafu vipande vyenyewe vinafungwa kimoja na kingine kwa kamba. Banda lote kilo 780, linafunika mita za mraba 85. Waliliiga umbo kutoka kwa kiumbe cha baharini, jamii ya urchini bapa, yule mnyama mwenye gamba la duara kama sarafu (sand dollar).

Mtu wa pwani akisikia mbao iliyoshonwa anakumbuka mtepe, chombo cha Waswahili na Wabajuni ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi na kuwekwa vigingi vya mti, bila misumari ya chuma. Kikipandishwa mchangani kinajipinda kidogo, mshono unafuata. Mitepe ya kazi ilipotea karne ya 20 na leo tunaiona kwenye modeli za makumbusho. Sidhani Stuttgart walilipata wazo kutoka kwetu, wao walianza na kiumbe wao, lakini tatizo walilolitatua ni lilelile, namna ya kuunganisha mbao nyembamba bila kuitoboa misumari mikubwa inayopasua.

Ninachosema ni hiki. Projekti ya dijitali inakuwa na maana mwanafunzi akianza na mali ghafi, aijue mpaka aipende, ndio aende kwenye mashine. Tunazoziona nyingi zimeanza upande wa pili, kuna leza mpya ya kukatia chuoni, kuna mashine ya CNC inayochonga kwa kuongozwa na kompyuta, basi watu wanachora maumbo ya mawimbi, wanakata shiti baada ya shiti, nusu ya plaiwudi inakwenda kwenye pipa, na ukiuliza hiki kitu kinabeba nini hakuna jibu. Wanafunzi wana vipaji, sana tu. Swali walilopewa ndio dogo.

Tena mali ghafi sio mti tu, hata udongo upo. Barcelona wanafunzi wa IAAC, shule ya usanifu ya kule, walijenga TOVA mwaka 2022, kibanda cha udongo wa palepale walipochimba, kimechapwa na printa ya 3D ya aina ya kreni. Huku kwetu uchapishaji wa nyumba umekuja kwa njia ya saruji, pale Kilifi kuna mradi wa Mvule Gardens uliopangwa kuwa na nyumba 52, ni kazi kubwa na naiheshimu, ila udongo ndio ningetamani vyuo vyetu viupiganie.

Lakini nibaki kwenye mti. Kama uko masta pale Chuo Kikuu Ardhi Dar, au Chuo Kikuu cha Nairobi, au chuo cha Jomo Kenyatta (JKUAT), na unatafuta mada ya tasnifu, fikiria hii. Chagua yadi moja ya majahazi, omba ruhusa, kaa na mafundi msimu mzima. Kila tawi linaloletwa lipige picha pande zote kwa simu yako, programu ya kompyuta ya Meshroom ni ya bure na inatengeneza modeli ya 3D kutoka kwenye picha za kawaida. Lipige tena baada ya fundi kulichonga, halafu linganisha, ameondoa wapi, ameacha wapi. Ndani ya miezi michache utakuwa na maktaba ya matawi na maamuzi ya fundi ambayo sijaona chuo chochote kina kitu kama hicho. Na fundi alipwe, jina lake liwe kwenye jalada la kazi pamoja na lako, sio kwenye mstari wa shukrani ukurasa wa mwisho. Huyo ni mwenzako wa utafiti.

Halafu jenga. Miembe mingi mijini inakatwa barabara zikipanuliwa, panda zake zinaishia kwenye mkaa. Zikusanye, zipange, tengeneza paa la banda la mnada wa samaki, kina mama waache kuuza juani. Roboti ikikosekana msumeno na patasi vipo, modeli ya 3D inaweza kukupa kiolezo cha karatasi cha kila kiungo unakibandika kwenye gogo unakata kwa mkono. Kitu kimoja ambacho Dorset hawakuhangaika nacho kama tutakavyohangaika sisi ni mchwa. Panda ya mwembe ikiwa mbichi inaliwa haraka, na ule unyevu wa pwani nao hausaidii. Mafundi wa majahazi wana mafuta yao na mbinu zao za kutunza mbao, ila jahazi linakaa majini na banda linakaa nchi kavu, kwahiyo hapo pana majaribio ya kufanya, panda kadhaa zilizopakwa vitu tofauti, zifukiwe miguu ardhini mvua za masika mbili au tatu zipite, tuone ipi imebaki imesimama. Mtu akianza na hilo hata kabla hajachora chochote, mimi niko tayari kuja kubeba magogo.