Friji la Mjomba

Baada ya miaka 30 ya kuendesha malori kati ya Mwanza na Dar, mjomba alirudi Igoma na vitu viwili: kisukari, na Canter kuukuu yenye bodi la boksi ambayo zamani ilikuwa ikisambaza mikate. Hiyo ilikuwa 2018. Wenzake waliostaafu walifuga kuku. Yeye alitia godoro ndani ya lile boksi, akapigilia rafu, akaweka jiko la gesi la mtungi mdogo na pazia la kitenge mlangoni, akatangaza kwamba anakwenda kuwasalimu ndugu wote wa ng'ambo, kuanzia Sengerema hadi Bukoba, bila kulala kwa mtu.

Kikwazo kilikuwa insulini, dawa yake ya kisukari, ambayo lazima ikae baridi. Gesti nyingi friji lake ni la soda, na mhudumu akienda kulala analizima. Kwa hiyo alinunua friji dogo la volti 12, lile la kufungukia juu kama sanduku, kisha akanipigia simu.

"Mpwa wangu, si wewe fundi umeme? Njoo unifungie sola."

Nilikuwa na miaka sita nafunga umeme wa nyumba, Nyakato, Buhongwa, mpaka Kisesa. Umeme wa betri niliudharau. Ukishawahi kushika waya wa 230 mkono ukafa ganzi hadi begani, volti 12 unaziona mchezo wa watoto. Nikamjibu, "Mjomba, hiyo kazi ya siku mbili."

Zikawa nne. Siku nzima ya kwanza iliishia juu ya paa na paneli mbili za wati 100. Niliziinua kwa vyuma vya engo kama sentimita 5 kutoka kwenye bati ili hewa ipite chini, maana paneli ikichemka inatoa umeme pungufu. Kuzilaza tambarare hakukunipa shida: Mwanza jua la mchana halikai mbali na utosi mwaka mzima, huna haja ya kulitegea paneli kwa upande. Kila bolti niliizungushia silikoni, na tundu la kupitishia nyaya nikalivalisha raba, bati lisije likazikata kwa mtikisiko wa barabara. Hapo najisifu mpaka leo. Mvua zote zilizopita, halijavuja.

Betri nayo niliikalisha vizuri. Canter ina umeme wa volti 24, betri mbili za 12 zimeunganishwa mfululizo, na fundi mvivu hujichotea 12 zake kwenye betri moja tu. Hiyo moja inachoka wakati mwenzake imeshiba, na baada ya muda zote mbili zinakufa. Mimi nilimwekea mjomba betri yake ya pekee, ya ampea-saa 100, nyuma ya kabini, chaji kontrola (kifaa cha kudhibiti chaji ya sola) juu yake, na fyuzi palepale kwenye chanya.

Kisha waya ukaniishia. Friji mjomba alilitaka mwisho kabisa, karibu na mlango wa nyuma, ili alifungue akiwa amesimama nje. Kutoka kwenye betri, ukipanda ukuta na kuzunguka rafu, ni mita 7. Hela aliyonipa ilikuwa imeshamezwa na engo na silikoni, na kumwomba tena niliona aibu. Kwenye begi langu kulikuwa na roli la waya wa spika lililobaki kwenye kazi ya kanisani. Nikajiambia waya ni waya. Saa saba mchana friji likanguruma, maji ya kunywa yakapoa, mjomba akanipiga begani.

Alhamisi tukaondoka pamoja. Alisema fundi lazima alale na kazi yake. Daraja la kuvukia ziwa lilikuwa halijajengwa bado, tukapanga foleni Kigongo kusubiri kivuko huku akiwapungia mkono madereva aliowafahamu, nao wakichungulia ile nyumba yake na kumtania. Jioni tukafika kwenye mwalo mmoja upande wa Sengerema, ambako mama mdogo ana mgahawa. Mbalamwezi ilikuwa imejaa na mitumbwi yote ya dagaa imevutwa nchi kavu. Dagaa huvutwa kwa taa gizani. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, na vijana hawana kazi pia. Walikuwa wanacheza drafti nje ya mgahawa.

Saa nne usiku friji likaanza kukohoa. Linanguruma sekunde chache, tk, linanyamaza. Linaanza tena, tk. Kitaa chake chekundu kinakonyeza. Nikatoa mita ya kupimia volti. Kwenye betri, 12.4. Nikatambaa juu ya godoro hadi mlangoni, nikapima kwenye plagi ya friji: 12.4. Umeme umefika wote.

"Mjomba, umeuziwa friji bovu," nikasema, kwa ile sauti ya mafundi.

Hakunijibu. Alitoa vichupa vyake vitatu akamkabidhi mama mdogo, naye akavitia kwenye kikombe cha plastiki na kukielesha ndani ya mtungi wake wa maji ya kunywa, akafunika na kawa. Mtungi ulikuwa baridi kuliko lile friji.

Mmoja wa wale vijana akaja na tochi. Kazi yake ilikuwa kufunga taa za mitumbwi. Karabai zilikuwa zinaondoka pale mwaloni, balbu za betri zinaingia.

"Shikamoo mzee. Kaka, umelipima likiwa linakula?"

"Linakula nini?"

"Umeme. Wewe umelipima limenyamaza. Pima likiwa linakula."

Nikashikilia ncha za mita kwenye plagi, nikasubiri. Likanguruma. Ile 12.4 ikaporomoka: 11.9, 11.2, 10.7. Tk. Ikarudi 12.4.

Kijana akamulika ukutani, akaufuata waya kwa kidole, akaubana. "Huu si wa redio, kaka?" Yeye hakucheka. Mjomba ndiye aliyecheka.

Hesabu yenyewe nilikuwa naijua tangu chuo. Friji lilikuwa linavuta kama ampea 5. Umeme unakwenda mita 7 na kurudi mita 7, na katika waya wa unene wa milimita za mraba 0.75 urefu huo una upinzani wa karibu theluthi moja ya omu. Zidisha kwa 5, volti 1.6 zimepotelea njiani. Kwenye 230 hasara hiyo hata balbu haiijui. Kwenye 12 imekwenda zaidi ya sehemu ya kumi, na friji lilikuwa limepangwa lijizime umeme ukishuka chini ya 11, kuilinda betri. Kule Igoma mchana paneli zilikuwa zinaipandisha betri hadi karibu 14. Jua lilikuwa linanifichia aibu.

Kijana alinieleza kwa kifupi zaidi. "Waya mwembamba unakula kabla taa haijala. Na dagaa hawaji kwenye taa yenye njaa."

Waya mnene wa mita 14 usiku ule haukuwepo, lakini alikuwa na kipande cha nusu mita. Basi tukalihamisha friji lenyewe. Watu watatu ndani ya boksi, tunavuta, tunakanyaga godoro, mama mdogo anatumulikia na simu, mpaka likakaa ubavuni mwa betri, pale mjomba anapolaza kichwa. Nikapima likiwa linakula: 12.2. Kijana alikataa hela, akapokea soda, akarudi kwenye drafti yake.

Tuliporudi Mwanza nilinunua mita 15 za waya mnene, wa milimita za mraba 6, kwa hela yangu mwenyewe, nikaenda Igoma na roli begani. Mjomba alikuwa amejilaza ndani ya Canter, mlango wazi.

"Friji liache hapohapo," akasema. "Miaka 30 nimelala na injini sikioni. Hili likinyamaza tu, naamka."

Roli langu akanirudishia. Waya wa spika alikuwa ameshaung'oa mwenyewe, amefungia chandarua.