Mpini wa Bomba

Vipindi vimekwisha tangu saa kadhaa, lakini swali la mwanafunzi mmoja bado linanizunguka kichwani.

Muhula huu nimekuwa nikifundisha kwa jozi: andiko moja la fasihi na moja la sayansi, yote kwa siku moja. Nataka wanafunzi wauone undugu wa binadamu kwa macho yao, wasiishie kuukariri. Jozi ya kwanza ilipooza. Nilichukua beti za Saadi, mshairi wa Uajemi aliyeandika mwaka 1258 kwamba wanadamu ni viungo vya mwili mmoja, kimoja kikiumia vingine havitulii. Kando yake nikaweka makala ya jenetiki: watu wawili wowote wanalingana kwa takriban asilimia 99.9 ya DNA yao. Wakaandika namba ile daftarini, wakaipigia mstari, basi. Kufanana peke yake hakumgusi mtu. Hata mapacha hugombana.

Leo nikaja na John Donne, mshairi na kasisi wa Uingereza. Mwishoni mwa 1623 aliugua London nusura afe, na akiwa kitandani akawa anasikia kengele ya kanisa ikiwalilia wengine. Mwaka uliofuata alichapisha tafakuri zake, na humo ndimo alimosema kwamba hakuna mtu aliye kisiwa. Kengele ikilia, usitume mtu kuuliza inamlilia nani. Tulisoma polepole, mara mbili. Kisha nikagawa ukurasa wa pili: kipindupindu cha mwaka 1854, mji uleule wa London, mtaa wa Broad Street, na daktari John Snow akifuatilia vifo nyumba baada ya nyumba.

Wengi wa waliokufa walikuwa majirani wa bomba moja la maji, lililovuta kutoka kisimani. Ila kulikuwa na mjane aliyekuwa amehamia Hampstead, mbali kabisa na pale. Aliipenda ladha ya maji ya Broad Street, na kwa kuwa gari lilikuwa likitoka huko kila siku, akawa analetewa chupa kubwa. Akanywa, akafa. Binti wa ndugu yake alikuwa amekuja kumtembelea. Naye akanywa, akarudi kwake Islington, akafa.

Darasa likawa kimya. Nilidhani Donne ameeleweka, nami nikaanza kujipongeza moyoni. Ndipo mkono ukanyooshwa nyuma.

"Mwalimu, kwa hiyo kuunganika na wenzake ndiko kulikomuua?"

Nilikuwa nimejiandaa kufundisha kwamba kuunganika ni jambo jema. Lakini ukurasa ule hausemi hivyo, na wala Donne hasemi hivyo. Yeye anasema tumeungana, tupende tusipende. Nilimjibu, "Ndiyo," kisha nikakaa, maana sikuwa na la kuongeza.

Tukaendelea kusoma. Kasisi kijana, Henry Whitehead, hakumwamini Snow aliposema kwamba maji ya bomba lile ndiyo yaliyoeneza ugonjwa, akaanza kuzunguka mitaani ili amkosoe. Kadiri alivyobisha hodi ndivyo ushahidi ulivyomgeuka. Mwishowe ni yeye aliyeifikia nyumba namba 40, hatua chache tu kutoka kisimani, ambako mama mmoja alikuwa amefua nepi za mtoto wake mchanga mgonjwa na kumwaga maji katika shimo la uchafu. Shimo lilikuwa linavuja kuelekea kisimani. Nilimtazama mwanafunzi mmoja akiweka kidole kwenye neno "nepi" na kukiacha hapohapo. Mama anafua nguo za mwanawe. Kuna kosa gani hapo?

Mpini wa bomba uliondolewa tarehe 8 Septemba. Kusema kweli mlipuko ulikuwa umeshaanza kupungua, watu wengi wakiwa wameukimbia mtaa, na hilo niliwaambia wazi. Lakini siku hiyohiyo baba wa mtoto yule aliugua, katika nyumba ileile, juu ya shimo lilelile. Naye alikufa. Mpini ungalikuwapo, kisima kingeweza kuchafuka tena na watu wangekuwa bado wanakunywa.

Kengele ilipolia wakatoka. Yule wa swali alikuja mezani akiwa na karatasi yake, akanionyesha sentensi aliyoizungushia duara: wakuu wa parokia waliokubali mpini uondolewe hawakuwa wameshawishika na hoja za Snow.

"Na bado waliuondoa," akasema.

Kesho nitaanzia hapo.