Siku Moja Maishani Mwangu: Nzi Wakubwa Mezani

Saa 2:00 asubuhi. Nimefungua sanduku la mbao lililonisubiri tangu juma lililopita, na harufu ya dawa ya kuzuia wadudu waharibifu imenipanda puani kabla sijatazama chochote. Ndani mna vielelezo 31 vya nzi wakubwa wa tropiki, kila kimoja kimechomwa pini, na chini yake pana kibandiko kinachotaja mahali na tarehe kilipokusanywa. Kazi yangu ni kukipa kila kimoja jina la spishi, au la jenasi, yaani kundi la spishi zinazokaribiana, ikishindikana.

Wengi hudhani kwamba nzi mkubwa hutambulika kwa urahisi kuliko mdogo. Mimi nimejifunza kuuogopa ukubwa, kwa sababu humfanya mtu aridhike na rangi na umbo aliloliona kwa macho matupu, na hayo ndiyo yanayodanganya zaidi.

Saa 2:30. Vielelezo viwili vimeandikwa "nyigu" na aliyevikusanya. Cha kwanza kinatoka Brazili, ni cheusi na kirefu kuliko kidole changu cha mwisho, na kwa mbali hata mimi ningekikimbia. Lakini nyigu ana jozi mbili za mabawa, na bawa la nyuma hujishikiza kwenye la mbele kwa kulabu ndogo zilizopangwa mstari. Huyu ana jozi moja tu, na nyuma yake zimejificha halteri, yaani vijiti viwili vyenye kirungu mwishoni ambavyo humpa nzi mizani anaporuka. Vipapasio vyake ni virefu na vimenenepa nchani, utosini ana jicho dogo moja badala ya matatu, na vena, yaani mishipa, za katikati ya bawa zimepinda kuelekea mbele zikaishia kwenye ukingo kabla ya kufika nchani. Hizo ni alama za familia ya Mydidae. Baada ya kufuata mwongozo wa utambuzi hatua kwa hatua, nimefika kwa Gauromydas heros, ambaye huweza kukaribia urefu wa sentimita 7 na huhesabiwa kuwa miongoni mwa nzi wakubwa kabisa duniani. Anafanana na nyigu wa jenasi Pepsis wanaowinda buibui wakubwa, na mwiba wao ni wa kuogopwa, kwa hiyo simlaumu aliyeandika kibandiko. "Nyigu" wa pili nimemweka kando hadi baadaye.

Saa 3:30. Nimefika kwenye pange, nzi ambao majike wao hufyonza damu, kundi linalonila muda mwingi kuliko yote. Nina majike wawili wa jenasi Tabanus ambao, wakiwa wakavu, wanafanana kama sarafu mbili: kijivu, milia iliyofifia tumboni, mabawa maangavu. Tatizo ni kwamba rangi za macho ya pange hupotea mdudu anapokauka, na mara nyingi rangi hizo ndizo zinazotenganisha spishi. Nimewaweka wote wawili ndani ya kisahani chenye karatasi iliyoloweshwa, nikafunika, nikaandika saa.

Wakati unyevu ukifanya kazi yake, nimeendelea na wengine kwa hadubini. Jambo la kwanza kwa pange ni jinsia: kwa dume macho hugusana juu ya kichwa, ilhali kwa jike hutenganishwa na paji. Paji hilo ni hazina. Nalipima kwa vipimo vilivyomo ndani ya hadubini, nagawa urefu kwa upana, kisha nachunguza uvimbe unaong'aa ulio juu yake, kwani katika spishi moja huwa mpana kama tofali na katika nyingine mwembamba kama mkia wa mjusi. Baada ya hapo nashuka miguuni: pange wa jenasi Chrysops wana miiba miwili nchani mwa muundi wa nyuma, na Tabanus hawana. Chini ya kucha pange wote wana vimito vitatu laini, ilhali nzi wawindaji wa familia ya Asilidae, wenye masharubu magumu usoni na bonde kati ya macho, wana viwili tu.

Hapa nitalalamika kidogo. Vielelezo vinne vimechomwa pini katikati kabisa ya kifua. Pini inapaswa kupita kulia kwa mstari wa kati, ili upande mmoja ubaki mzima na nywele zake ziweze kuhesabiwa. Sasa nywele ninazozihitaji zimekuwa shimo.

Saa 6:00 mchana. Nzi wa jenasi Pantophthalmus, kutoka misitu ya Amerika ya Kati na Kusini. Mabawa yao yakikunjuliwa huweza kuzidi sentimita 8 kutoka ncha hadi ncha, na mabuu wao hutoboa miti. Licha ya sura yao, hawafyonzi damu ya mtu. Uso umechomoza mbele kama mdomo wa ndege. Miaka yangu ya mwanzo niliwahi kuwagawa dume na jike wa spishi moja katika spishi mbili, eti kwa sababu macho ya mmoja yaligusana na ya mwingine hayakugusana. Siku hizi natazama kwanza ncha ya fumbatio, kama pana mrija wa kutagia, ndipo nifungue daftari.

Saa 8:15. Nimefunua kisahani. Jike wa kwanza ana macho ya kijani kitupu. Wa pili, chini ya taa, amerudisha mistari mitatu ya zambarau, myembamba na iliyonyooka. Asubuhi ningewapa jina moja bila kusita. Nimeichora mistari hiyo upesi, kwa maana ikikauka itatoweka tena.

Saa 9:00. "Nyigu" wa pili, kutoka Afrika. Ana kichwa chenye rangi ya chungwa na mabawa meusi. Vipapasio vyake ni vifupi mno, sehemu za kinywa zimebaki alama tu, na juu ya vipapasio pana mfereji kama upinde, kovu la kifuko ambacho nzi hukivimbisha ili kupasua ganda la bundo, hatua iliyo kati ya buu na nzi kamili. Huyu hana undugu wa karibu na yule wa Brazili hata kidogo. Ni Gyrostigma rhinocerontis, nzi mkubwa kuliko wote wa Afrika, ambaye mabuu wake hukua tumboni mwa kifaru. Kifaru akipungua, naye hupungua. Nimekaa naye muda mrefu kuliko nilivyohitaji.

Saa 10:30 jioni. Vielelezo 26 vimepata jina la spishi. Vitano vimebaki na jenasi tu, vitatu vikiwa madume ya pange, kwa kuwa miongozo mingi imeandikwa kwa ajili ya majike, ambao ndio hufyonza damu na kunaswa kwa wingi. Madume hao nimewaandikia "Tabanus sp., dume", yaani spishi ya Tabanus isiyojulikana, nikafunga sanduku.