Nikapitiliza Simmering

Shemeji yangu anayeishi Vienna alicheka nilipomwambia nakwenda Simmering, mojawapo ya wilaya za jiji hilo. "Shemeji, wenzako wakija huku wanakwenda kuona majumba ya wafalme. Wewe unakwenda kuona nini kule?" Nikamwambia namdai mtu wa huko.

Deni lenyewe ni la tarehe 11 Juni 1998. Saa nne usiku tulijazana sebuleni kwa jirani, Cameroon inacheza na Austria kule Toulouse, Kombe la Dunia. Pierre Njanka akaja na mpira kutoka mbali, akapangua mabeki, akafunga. Mtaa mzima ulilipuka. Tumeshaanza kuagana, Toni Polster akasawazisha. Kocha wa Waaustria aliitwa Herbert Prohaska, mtoto wa Simmering, na tangu usiku ule nikawa na kinyongo naye. Timu yake ilifunga mabao matatu tu katika mashindano yale, yote dakika za majeruhi, na bado haikuvuka kundi. Sasa walituharibia usiku wa nini?

Basi nikapanda tramu namba 71 pale Schwarzenbergplatz. Ikapita barabara ya Rennweg, ikaingia Simmeringer Hauptstrasse, barabara ndefu isiyo na madoido: nyumba za ghorofa, maduka ya mikate, vinyozi. Joto la ndani likanibembeleza, nikasinzia. Kushtuka, nje ni ukuta mrefu na wauza maua. Nimefika makaburini, Zentralfriedhof.

Mzee mmoja aliyeshuka nami aliniona nimeduwaa. Kijerumani changu ni cha kuombea maji, lakini nilimwelewa: Vienna, mtu akifa, husemwa kapanda 71. Akacheka peke yake. Nikamtajia Prohaska.

"Schneckerl!" akasema, akizungusha kidole kando ya sikio. Ndilo jina la utani, kwa sababu ya zile nywele za kujisokota. Kisha akaupiga ukingo wa njia kwa ncha ya kiatu, taratibu, mara mbili. "Izmir."

Hilo nalijua. Oktoba 1977 Austria ilihitaji ushindi kule Izmir, Uturuki, na Prohaska, enzi hizo kiungo, akausukuma mpira wavuni kwa ncha ya kiatu. Bao lenyewe halikuwa na urembo wowote, lakini ndilo lililowapeleka Kombe la Dunia la Argentina 1978, ambako waliwafunga Wajerumani Magharibi 3-2 mjini Córdoba. Kwa Waaustria, Córdoba ni kama jina la mtakatifu.

Nikarudi na tramu, macho wazi safari hii, nikashuka na kutembea mitaa ya nyuma. Huku ndiko Prohaska alikoichezea timu ya Ostbahn XI kabla klabu ya Austria Wien haijamchukua 1972. Kutoka hapa hadi Inter mwaka 1980, halafu Roma, akatwaa nayo ubingwa wa Italia 1983, wa kwanza kwa klabu hiyo baada ya miaka 41. Shukrani yake? Timu za Italia ziliruhusiwa wageni wawili tu. Mbrazili Falcão alikuwepo, Mbrazili mwenzake Toninho Cerezo akaja, Prohaska akafungishwa virago. Hapo ndipo kinyongo changu kilipoanza kulegea. Mtu anakupa ubingwa, unamwonyesha mlango!

Akarudi nyumbani, akacheza hadi 1989, kisha akaifundisha Austria Wien na kuchukua ligi mara mbili mfululizo, 1991 na 1992. Timu ya taifa ilimwishia vibaya: Machi 1999, Valencia, Hispania iliwachapa 9-0, naye akajiuzulu. Hata hivyo 2004 shirikisho lao lilimteua kuwa mchezaji bora wa Austria wa nusu karne.

Jioni shemeji akanimiminia chai. "Haya, umelipwa deni lako?"

"Nusu," nikamjibu. "La Polster bado."