Mchanga wa Baia

Nimerudi chumbani nywele zikiwa bado na chumvi. Leo nimepiga mbizi mara mbili Baia, mji wa kale wa Kirumi uliozama kwenye ghuba ya Pozzuoli karibu na Napoli, Italia, na nataka niandike kabla usingizi haujanichukua.

Tangu utotoni nimependa hadithi za miji iliyomezwa na bahari. Atlantis hasa, ile aliyoisimulia Plato, mwanafalsafa wa Kigiriki: kisiwa kizima kikazama kwa mchana mmoja na usiku mmoja kwa sababu ya kiburi cha watu wake. Nikakua nikiamini kwamba kila mji ulio chini ya maji una kisa cha namna hiyo. Watu walivuka mipaka, bahari ikaja kuwachukua. Na Baia inaingia vizuri kwenye kisa hicho. Matajiri wa Roma walikuja hapa kustarehe, wakajenga majumba mpaka ndani ya maji. Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi, alifika, kesho yake akaondoka, maana hakuweza kuvumilia ulevi na anasa za mji huu.

Mbizi ya kwanza ilikuwa Punta Epitaffio. Kina ni mita tano hivi tu. Unatoa hewa kwenye koti la kuzamia, unashuka taratibu, na masikio hayajazibuka vizuri tayari umefika. Mwanga wa jua unacheza juu ya kuta fupi zilizoota mwani, na samaki wadogo wanapita pale watumishi walipopita na sinia. Huu ulikuwa ukumbi wa karamu wa Kaisari Claudius. Sanamu zimesimama pande zote, na zile zinazosimama majini sasa ni nakala. Za asili ziko kwenye makumbusho, ndani ya ngome iliyo juu ya kilima.

Mbili zilinishika. Odysseus, shujaa wa hadithi za Kigiriki, ananyoosha kikombe cha divai, na mwenzake amebeba kiriba. Wanamlewesha Polyphemus, lile jitu la jicho moja, ili watoroke pangoni. Wengi humwita huyo mwenye kiriba Baios, mshika usukani wa Odysseus, ambaye simulizi za kale zinasema alizikwa hapa na mji ukachukua jina lake. Jitu lenyewe halijapatikana. Kwa hiyo wanaume wawili wanakaribisha divai mahali patupu, na mimi nikajikuta nimeelea papo hapo, nikitazamwa. Nilisahau kupumua kwa sekunde kadhaa, jambo ambalo mzamiaji hapaswi kulifanya kamwe.

Katika ghuba hii kuna mahali ambapo viputo vinatoka mchangani vyenyewe, bila mzamiaji yeyote chini yake. Hapo ndipo penye jibu la kwa nini mji huu ulizama. Baia imekaa juu ya Campi Flegrei, volkeno pana ambayo haionekani kama mlima. Gesi, maji moto na miamba iliyoyeyuka vinasukuma ardhi juu, kisha inashuka tena, kama kifua cha mtu aliyelala. Nguzo za soko la Kirumi pale Pozzuoli zina matundu yaliyotobolewa na kombe wa baharini, juu kabisa ya kichwa cha mtu, na leo zimesimama nchi kavu! Kati ya 1982 na 1984 ardhi ya Pozzuoli ilipanda karibu mita 1.8.

Baia basi haikuzama usiku mmoja. Ilishuka kwa karne kadhaa. Maji yalifika gatini, miaka ikapita, yakafika bustanini, na wajukuu wa wale walioyaona gatini wakayakuta sebuleni. Nimelifikiria hili mchana kutwa. Hadithi ya adhabu inakupa siku ya msiba na mkosaji wa kumlaumu. Hapa hapakuwa na siku, wala mkosaji, na kwangu mimi hilo linauma zaidi.

Mbizi ya pili tulikwenda kwenye nyumba nyingine. Sakafu yake ilikuwa mchanga mtupu. Kiongozi wetu akapiga magoti, akaanza kupepea kwa kiganja bila kugusa chini. Mchanga ukainuka kama moshi. Nikaona weupe, kisha weusi, kisha maumbo ya pembe sita yaliyoshikana kama sega la nyuki. Ilikuwa sakafu ya mozaiki, iliyopambwa kwa vijiwe vidogo. Vijiwe vyenyewe havizidi ukucha wa kidole kidogo, na havijasogea. Kuna fundi aliyevipanga kimoja kimoja huku ameinama, na mimi nilikuwa nimelala kifudifudi hewani kwake, pale ambapo mgongo wake ulikuwa.

Sakafu hizi haziachwi wazi, kwa sababu mwani na wanyama wanaotoboa mawe wangezila. Hewa ilipokuwa inakaribia kuisha, kiongozi akaanza kurudisha mchanga kwa viganja vyote viwili, akanionyesha kwa ishara nimsaidie. Nikachota, nikamwaga polepole. Pembe sita ya mwisho ilikuwa upande wangu, na niliichelewesha kadiri nilivyoweza.