Nilivyochapisha kitabu cha sataranji kwa Kiswahili

Vitabu vya sataranji (chess) ninavyofundishia watoto hapa Dar es Salaam vyote ni vya Kiingereza. Nikiwepo nawafafanulia, nisipokuwepo, kitabu kinabaki kabatini. Ndipo nikaandika changu na kukichapisha mwenyewe: kurasa 64 za A5, nakala 200.

Msomaji wa sataranji ana ubao mbele yake na mikono yake iko kwenye kete, kwa hiyo kitabu lazima kilale wazi bila kushikwa. Mpiga chapa alipenda kukigundisha ili kipate mgongo wa kuandika jina. Nilikataa. Tulikunja karatasi 16 za A4 na kuzipiga pini katikati, basi.

Miraba myeusi kwenye michoro niliijaza mistari ya mshazari badala ya rangi ya kijivu. Watoto watatoa fotokopi tu, hakuna wa kuwazuia, na kijivu kikipita kwenye fotokopi hugeuka doa linalomeza kete nyeusi. Kwa kawaida kete huandikwa kwa herufi ya kwanza ya jina lake, lakini kwa kuwa mfalme na malkia huanza na herufi moja, hatua niliziandika kwa vipicha vya kete, kama lifanyavyo jarida la Šahovski Informator la Belgrade tangu miaka ya 1960.

Kazi kubwa ilikuwa uhakiki. Hatua moja ikikosewa, mchezo wote uliobaki hausomeki. Programu ya kompyuta hukataa hatua isiyo halali, lakini haioni kilichodondoka wakati wa kupanga kurasa. Nikawaketisha wanafunzi wawili: mmoja asome kwa sauti, mwenzake asogeze kete, mimi ninyamaze.

Tulijaribu mchezo ambao Mmarekani Paul Morphy alicheza Paris, mwaka 1858, unaokwisha kwa hatua 17. (Hatua za mchezo hazina mwenyewe, maelezo ndiyo yenye mwenyewe, kwa hiyo niliandika yangu.) Katika hatua ya 11, Nyeusi anakinga shaha (shambulio kwa mfalme) kwa kupeleka farasi mraba wa d7, na farasi wake wote wawili wanafika hapo. Herufi b, inayoonyesha kuwa ni farasi wa safu ya b, ilikuwa imedondoka. Mtoto akamsogeza yule wa f6. Hatua iliyofuata ikataka ngome iende d8, naye farasi wa b8 kaziba njia.

“Mwalimu, hii haiendi.”

Kila mchezo kitabuni ulipita kwenye mikono ya hao wawili kabla ya kwenda kiwandani, na ningeweza kuacha jalada la rangi lakini si hilo.

ISBN, namba ya kutambulisha kitabu, niliipata Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Nakala nyingi nimeuzia kwenye mashindano, na za mikoani huenda kwa basi, mnunuzi akishatuma pesa kwa simu. Sasa naandika cha pili, cha miisho ya mchezo yenye ngome na vitunda (kete ndogo), na wahakiki wangu wameshaanza kuulizia kurasa.