Asali kwenye kijiko

Mdogo wangu alinipigia Jumapili: "Dada, ndiyo umeshapanda angani?" Kosa langu mwenyewe. Nilimwambia nakuza seli "zisizo na uzito", na maabara yenyewe iko ghorofa ya chini, jirani na stoo.

Nikamwambia achote asali (kwetu Tabora haikosekani), akilaze kijiko, akizungushe. Asali inataka kudondoka, lakini kila ikianza safari, chini kumeshageuka juu. Kimya kidogo. "Imedondokea mkekani." Alizungusha polepole mno.

Chombo changu ndicho hicho kijiko. Ni kama kisahani kilichosimamishwa wima, mililita 50, kina utando wa silikoni mgongoni wa kupitisha hewa, kinazunguka ndani ya inkubeta, yaani kabati la joto, la nyuzi 37. Walikibuni wahandisi wa NASA kule Houston miaka ya 1980. Ndani, seli za hamsta zimeng'ang'ania vishanga vidogo mno, zinatutolea protini ya dawa. Uzito uko palepale. Seli zinaanguka saa zote ila hazifiki chini.

Lazima kijazwe maji ya lishe pomoni. Ijumaa moja, nikiwahi treni, niliacha kiputo cha hewa kama punje ya choroko. Kiputo hakizunguki na wenzake, hung'ang'ania juu na kuvuruga kila kinachopita. Jumatatu vishada vya seli vilikuwa vimemomonyoka, maji yamechafuka kama uliyooshea mchele. Kazi ya siku tisa hiyo, imepotea.

Mwenzangu niliyemlilia alinikumbusha jaribio la MIT, chuo cha Marekani. Bakteria wa E. coli waliokuwa wakitengeneza maikrosini B17, sumu ndogo ya kuua bakteria wengine, kwenye chupa ya kutikiswa waliibana ndani ya mwili. Kwenye chombo kama hiki changu waliitoa nje, ingawa kiasi kilipungua. Watafiti wakatumbukiza gololi moja ya kioo ya kuwasugua, moja tu, na bakteria wakarudi kuibana ndani.

Basi siku hizi mtu akiniambia "kupunguza uzito" kumebadilisha protini yake, namuuliza: ni uzito, au ni kule kutosuguliwa? Halafu naomba kuona chombo chake cha pili, kilekile ila kimelazwa, kinazunguka kama santuri ili seli zitue kwenye utando. Wengine hawana. Mimi hapo huwa nimemaliza mazungumzo.

Leo nimetoa viputo vitatu kwa sirinji. Cha nne kilijificha nyuma ya vali, kidogo kama kichwa cha pini. Nimekifukuza dakika ishirini, na treni imeniacha.